Ziwa Victoria: sahani zetu zilivyowamaliza furu na ngege. Wazee wa Kanda ya Ziwa njooni

Mwanavisiwa

Wakuu, heshima kwenu.

Nimekulia Ukerewe, karibu na Nansio, na jambo hili limenikaa moyoni miaka mingi. Wiki iliyopita nilikuwa mwaloni Kirumba. Mama mmoja alikuwa ametandika kiroba chini, juu yake mafungu manne ya furu wakavu. Kijana aliyesimama pembeni yangu akamuuliza, "Mama, hawa samaki gani?" Kijana wa Mwanza huyo, mzaliwa wa hapo hapo. Nimerudi nyumbani na swali lake.

Kwa msiowajua, furu ni visamaki vidogo, wengi hawazidi urefu wa kiganja. Nilipokuwa mtoto, mwishoni mwa miaka ya 1970, ndio waliokuwa mboga yetu. Bibi yangu alikuwa anawapasua tumbo kwa ukucha wa dole gumba, anavuta utumbo mara moja, anawatunga kwenye ujiti kisha anawaanika juu ya jabali. Siku mbili za jua zinatosha, kuni hazihitajiki. Jioni wanachemshwa na nyanya, mchuzi unakuwa mzito, ugali wa muhogo pembeni. Kabla hajawaanika, sisi watoto tulikuwa tunawapanga kwa rangi: huyu mgongo mwekundu, huyu wa bluu mwenye mistari, huyu wa njano, huyu mweusi tii. Ndoo moja ilikuwa na rangi zote hizo.

Wataalamu wanasema ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500 za furu, karibu zote hazipatikani mahali pengine popote duniani. Zilitokea humu humu baada ya ziwa kukauka na kujaa tena, kama miaka 15,000 iliyopita. Kwa umri wa dunia hiyo ni jana. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 nyavu za utafiti zilionyesha kuwa takriban asilimia 80 ya uzito wa samaki wa chini ya ziwa ni furu. Kufika mwisho wa miaka ya 1980, katika Ghuba ya Mwanza, watafiti wa Chuo Kikuu cha Leiden cha Uholanzi waliokuwa wakiwafuatilia walikuwa wanavuta nyavu na kukosa aina baada ya aina. Makadirio yanayotajwa ni aina zipatazo 200 kupotea.

Kila mtu anasema "sangara aliwala". Ni kweli aliwala. Lakini sangara hakuja mwenyewe. Aliletwa kutoka Ziwa Albert na Ziwa Turkana, miaka ya 1950 na mwanzoni mwa 1960, na sababu kubwa ilikuwa chakula. Maofisa wa uvuvi wa enzi za ukoloni waliona ziwa limejaa visamaki visivyo na bei, wakaviita samaki takataka. Wakataka samaki mkubwa avile avigeuze kuwa minofu. Kumbe onyo lilikuwepo: Michael Graham, aliyeongoza uchunguzi wa ziwa zima mwaka 1927 na 1928, alikuwa ameshaandika kwamba kuingiza samaki mkubwa mla samaki kutoka nje ni hatari kubwa mno.

Takataka! Mboga ya bibi yangu.

Na kabla ya sangara kulikuwa na ngege, perege wa asili wa ziwa hili. Nyavu za kutega zililetwa upande wa Kenya mwaka 1905, reli ilikuwa imefika Kisumu, miji inataka samaki, na ngege ndiye aliyependwa kuliko wote. Alipoanza kuadimika, watu hawakupunguza kumla, walipunguza matundu ya nyavu. Ningu naye alikamatwa midomoni mwa mito anapopanda na mvua kwenda kutaga, maana jike mwenye mayai ndiye mtamu. Leo ngege, mbiru (perege mwingine wa asili) na ningu wote wako kwenye orodha ya dunia ya viumbe walio hatarini kabisa kutoweka.

Tungekuwa na adabu kidogo mezani, leo tungekuwa na ngege wetu na sato wetu wa asili wamejaa. Ninachoomba tukijadili ni hicho: sisi walaji. Serikali na wavuvi wameshasemwa sana.

Injinia wa Tabata

Mkuu, uzi mzuri ila naomba nipinge kwa heshima.

Sangara ndiye aliyenisomesha. Baba yangu alikuwa na mitumbwi miwili Sengerema. Viwanda vya minofu vilipofunguliwa Mwanza, watu waliokuwa wanavaa viraka walijenga nyumba za bati. Nchi ikapata fedha za kigeni. Furu angetupa nini? Huwezi kumsafirisha, huwezi kumuuza Ulaya, ana miiba mpaka kwenye roho. Binadamu kwanza, samaki baadaye. Kila nchi iliyoendelea imekula viumbe wake ikafika hapo ilipo.

Mwanavisiwa

Mkuu Injinia, sikatai hata kidogo kuhusu ada ya shule. Kaka yangu mkubwa naye alijenga kwa sangara.

Ila nikukumbushe kitu unachokijua wewe mtoto wa mvuvi. Minofu ilipoanza kwenda Ulaya, sisi tulibaki na nini? Mapanki. Kichwa, uti wa mgongo na mkia, vilivyokaangwa kwenye mafuta yaliyotumika mpaka yakawa meusi. Wakenya wanaita mgongo wazi. Mwaka 1999 Ulaya walipofunga soko kwa hofu ya samaki waliovuliwa kwa sumu, ndipo bei ya sangara mzima ilishuka na watu wa mwaloni wakala mnofu.

Halafu angalia kuni. Furu na ngege unawakausha kwa jua. Sangara ana mafuta, huwezi kumweka mkubwa juani akakauka, ataoza. Lazima umbanike au umkaange. Nakumbuka matanuri ya kubanikia pale kwetu, mashimo yaliyozungushiwa matope na wavu wa chuma juu, na jinsi rundo la kuni lilivyokuwa linakwenda juu kuliko paa la nyumba. Vichaka vya kisiwani viliisha mbele ya macho yangu. Mboga ilibadilika, na msitu ukabadilika nayo.

MwalimuBaiolojia

Habari za jioni wakuu. Nafundisha sekondari Mwanza, naomba kusahihisha jambo moja na kuongeza jingine.

Mkuu Mwanavisiwa, sato si wa asili wa Ziwa Victoria. Huyu sato mkubwa tunayemla leo wa kukaanga alipandikizwa miaka hiyo hiyo ya 1950, kwa sababu hiyo hiyo: ngege ameisha, watu wanataka mbadala. Wenyeji wa ziwa ni ngege na mbiru. Sato alipokuja alikula chakula chao, akachukua mazalio yao, na anazaana nao pia. Kwa hiyo tunaposema "sato wetu wa asili" tumeshasahau hata tulichopoteza.

La pili, hizo kuni zina safari ndefu kuliko ilivyoelezwa. Mteremko ukibaki uchi, mvua inashusha udongo ziwani. Ongeza mbolea za mashamba, moto wa nyika na maji machafu ya miji. Maji yanashiba virutubisho, mwani unashamiri, ziwa linakuwa la kijani. Mwani ukifa unaoza chini na kumaliza oksijeni.

Sasa furu huchagua mwenza kwa rangi. Majike ya aina moja wanafuata dume mwekundu, majike ya aina jirani wanafuata dume wa bluu. Maji yakiwa safi kila mmoja anamwona wake. Maji yakichafuka rangi hazionekani vizuri, jike anakubali yeyote, wanazaliwa machotara, na baada ya vizazi kadhaa aina mbili zinakuwa moja. Ole Seehausen na wenzake walilionyesha hili kwenye visiwa vya hapa Mwanza na kulichapisha mwaka 1997. Aina inaweza kupotea bila hata mmoja wao kuliwa.

Na mmojawapo wa hao furu, dume mwenye mgongo mwekundu, alipewa jina la Mwalimu Nyerere: Pundamilia nyererei. Ndiyo, jina la kwanza ni Kiswahili kabisa, kwa sababu ya mistari.

Mwanavisiwa

Mwalimu, asante. Nimekubali kosa la sato na sitalifuta kule juu, libaki watu walione. Miaka hamsini na kitu nimekula sato nikiamini ni wa babu zangu.

Huyo wa mgongo mwekundu wa Mwalimu Nyerere... nadhani ndiye tuliyekuwa tunagombania kwenye ndoo. Siwezi kuapa, lakini rangi ni ile.

Ja-Kanyaboli

Niaje wadau, naandika kutoka Siaya.

Huku kwetu ngege ni samaki wa heshima. Mgeni mkubwa akija, au wazazi wa msichana, hauwezi kuwapikia mbuta (huyo ndiye sangara wenu) ukasema umepika samaki. Nyanya yangu alikuwa anasema mbuta ni nyama tu ya majini.

Nataka kuwaambia kwamba ngege bado yupo. Lake Kanyaboli, kale kaziwa kadogo kando ya Yala, kako nyuma ya mafunjo. Mbuta hajafika huko. Ngege wa kweli bado wanavuliwa pale, na fulu (hao ndio furu wenu) pia, wengine hawaonekani tena kwa ziwa kubwa. Mafunjo ndiyo yalikuwa ukuta wao: maji ya ndani ya mafunjo yana oksijeni kidogo sana, mbuta hawezi kuvumilia, ngege anaweza.

Lakini sasa hayo mafunjo yanakatwa na kuchomwa ili tulime mchele na mboga. Kwa hivyo hata chakula cha shambani kinaingia kwa hii hesabu. Nimeishi hapa maisha yangu yote na naogopa.

Mama wa Dagaa

Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo.

Mimi sina elimu ya viumbe, nina elimu ya bei. Nauza dagaa mwaka wa kumi na tisa sasa. Mnazungumzia furu na sangara, lakini samaki anayelisha watu wa ziwa hili leo ni dagaa. Na yeye ni mwenyeji, hakuletwa na mtu.

Msichokijua wa mjini ni kwamba sehemu kubwa ya dagaa ninaowapakia kwenye gunia hawaendi tumboni mwa mtu. Wanakwenda kusagwa chakula cha kuku. Mnunuzi wa kiwandani hajali mchanga, hajali kama mvua iliwanyeshea wakabadilika rangi. Anachukua tani nzima kwa siku moja. Mama wa Tabora anayetaka sado mbili za dagaa wasafi wa kwenye chanja anakuta bei imeshapandishwa na kuku.

Kuku huyo wa kisasa anakwenda kwenye chipsi kuku za Dar na Nairobi. Nyinyi mnadhani hamli ziwa. Mnalila kila Ijumaa.

Injinia wa Tabata

Mama, hiyo imenigusa kweli, sikuwa najua.

Lakini nirudi kwenye hoja, maana nataka jibu la kitaalamu. Kama sangara ndiye aliyekula furu, si basi tule sangara kwa wingi tuwezavyo? Wakubwa kwa wadogo. Akipungua, furu watarudi. Kwa nini basi watu wanakamatwa kwa sangara wachanga? Mimi naona hapo kuna mkanganyiko.

MwalimuBaiolojia

Swali la maana hilo Injinia, na sehemu yake moja ni kweli kabisa. Uvuvi wa sangara ulipokuwa mkali katika miaka ya 1990, wakapungua, baadhi ya furu walirudi, hasa wale wanaokula vijidudu vya katikati ya maji. Wamerudi wakiwa wamebadilika: matamvua yao ya kupumulia ni makubwa zaidi kwa sababu ya oksijeni haba, na wanakula windo kubwa kuliko mababu zao. Miaka ishirini tu. Waliorudi ni aina chache, waliokwenda ni wengi.

Ila huyo sangara mchanga anavuliwa na nini? Nyavu haramu kama kokoro na timba. Kokoro linakokotwa kutoka ufukweni, linapita kwenye mchanga ambapo sato na mbiru wamechimba viota, linabeba furu wakubwa na wenye watoto mdomoni (furu wengi wanatunza mayai kinywani), linang'oa kila kitu. Kwa hiyo ukinunua sangara mdogo kwa nia ya kumlinda furu, umemlipa mtu aliyevua furu huyo huyo. Sangara wa ndoano au wa nyavu za matundu makubwa kule kwenye kina ni habari nyingine.

Furu hakuliwa na sangara peke yake pia. Miaka ya 1970, kabla sangara hajalipuka huku kwetu, kulikuwa na kiwanda Mwanza cha kusaga furu kuwa chakula cha mifugo, wakivuliwa na meli za kukokota nyavu. Akina Mama wa Dagaa wanalijua hili kwa sura nyingine. Tunarudia.

Mtoto wa Goma

Salamu kutoka Goma. Hapa kwetu makayabu, yaani kayabo zenu, ni chakula cha kila siku. Samaki wa chumvi anakuja na magari kutoka Mwanza, anakatwa vipande sokoni, mama analoweka usiku kucha chumvi itoke. Sikuwahi kujiuliza anatoka kwenye maji gani. Nimesoma uzi wote.

Mwanavisiwa

Karibu sana ndugu wa Goma.

Naomba nieleze ninachofanya mimi nyumbani kwangu, kila mtu apime kwake.

Sangara chini ya sentimita 50 siingizi jikoni. Kipimo changu ni mkono: kuanzia kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, halafu nyongeza vidole viwili au vitatu. Sato chini ya sentimita 25 vivyo hivyo, shibiri moja na kidogo. Mara ya kwanza nilipoweka mkono juu ya samaki mwaloni watu walinicheka. Sasa muuzaji wangu akiniona anaondoa wadogo mwenyewe, na ameanza kuniambia yupi ni wa ndoano bila kuulizwa. Sheria inasema vipimo hivyo kwa mvuvi, mimi nimevifanya sheria ya sufuria.

Dagaa tunakula mara tatu kwa wiki. Baada ya maneno ya Mama wa Dagaa, nimezungumza na mke wangu, kuku wa kisasa tunapunguza. Si kwa sababu kuku ni dhambi. Samaki anayeweza kuliwa na mtoto mwenye utapiamlo hapa Mwanza, akiwa na kichwa chake na mifupa yake yenye madini yote, kwa nini apitie kwenye kuku kwanza?

Na mabondo. Hapa nitasema kwa uchungu. Bondo, lile puto la hewa la sangara, linauzwa bei kuliko mnofu wenyewe. Linakaushwa, linapelekwa Hong Kong na China kwa supu za sherehe. Nimeona kijana akimpasua sangara mkubwa ndani ya mtumbwi, jike, mayai yamejaa kama mfuko wa uwele, akachomoa bondo akaliosha kwa uangalifu kama yai la kwanza la kuku, na mayai akayamwaga. Ziwa limebeba hamu ya watu wa London, sasa linabeba ya Hong Kong, na bado linabeba yetu.

Ripoti ya shirika la hifadhi la dunia, IUCN, ya mwaka 2018 ilisema kati ya aina 204 za viumbe wa maji baridi wanaopatikana bonde la Ziwa Victoria tu, asilimia 76 wako hatarini kutoweka. Humo kuna samaki, konokono, kaa, kerengende, mimea. Niliisoma hiyo namba mara mbili.

Injinia wa Tabata

Mkuu, nimeelewa. Naomba nikiri kitu: baba alitumia kokoro. Alijua ni haramu, na sisi tulikuwa saba na mama mmoja. Sijui ningemwambia nini wakati ule. Lakini leo mimi nina mshahara, sina sababu ya kununua samaki wa urefu wa kalamu.

Mwanavisiwa

Injinia, hakuna wa kumhukumu mzee wako hapa. Mwenyezi Mungu amrehemu kama ametangulia.

Mama wa Dagaa

Huyo mama wa mafungu manne ya furu namjua, tunakaa safu moja. Anawapata kwa mvuvi mmoja anayetega ndoano kwenye miamba. Wanunuzi wake ni wazee tu. Nitamwambia mnamsema vizuri.

MwalimuBaiolojia

Kuna jina jingine la kisayansi lililotoka midomoni mwa wavuvi wetu: Mbipia, kundi la furu wa kwenye miamba, kutokana na neno mbipi. Wageni waliandika majina tuliyowapa, na sisi tunayasahau. Ningependa wanafunzi wangu wayajue.

Mwanavisiwa

Mbipi! Mwalimu, neno hilo sijalisikia tangu bibi afariki. Alikuwa nalo, na mengine mengi, kila furu na jina lake kwa umbo la mdomo, kwa rangi, kwa mahali anapokaa. Mimi nimebaki na hilo moja baada ya wewe kulitamka.

Wakuu wa Ukara, Majita, Sengerema, Geita, Bukoba, Rorya, na ndugu wa Kenya na Uganda: aliye na mzee bado hai nyumbani, naomba amuulize. Andikeni hapa jina, rangi, na alivyokuwa anapikwa. Mwalimu atatusaidia kuoanisha na picha.

Ja-Kanyaboli

Jumamosi naenda Kanyaboli kwa mjomba, ni mvuvi. Nitabeba simu nipige picha za wote watakaoingia kwa ndoo yake, kila mmoja na jina vile anavyoitwa na wazee. Nipeni mpaka Jumatatu, mtandao wa huko unasumbua.

Injinia wa Tabata

Nimempigia mama sasa hivi, yuko Sengerema. Nilipomtajia furu amecheka kwanza, halafu akanyamaza. Amesema nimpigie tena kesho asubuhi, anataka kukumbuka vizuri.